Kipimo Ambacho Hakuna Aliyekifunga

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu Vasiti, mjini Ba, Fiji. Ningekuwa mimi ningetoka mbio mapema, maana hata friji likinguruma hunitoa jasho.

Kimbunga kilikuwa njiani. Madirisha yalishagongomewa mbao, umeme ulikatika, na ofisini kwa Vasiti kukawa giza mchana kweupe. Kwa kompyuta ya betri, Vasiti alikuwa akituma amri za kurekebisha mfumo unaojiendesha wenyewe, unaokusanya vimo vya mto kwenye ghala la data na kutuma maonyo vijijini. Mfumo ukakwama, na maonyo nayo, kwenye kipimo kigeni: kifaa cha kupima kimo cha maji kilichoorodheshwa kuwa kimo ofisini humo.

"Jone, nani kafunga kipimo humu ofisini?" akamuuliza mwenzake wa kazi.

"Humu? Dada, yaqona uliyokunywa jana bado inakulevya."

"Njoo usome. Kinasema maji yamepita vichwa vyetu."

Jone akasoma, utani ukamkauka mdomoni. Gizani, karibu nao kabisa, kitu kilikuwa kikibubujika. Miguu yao ilikuwa mikavu.

"Kifute kwenye mfumo," akanong'ona. "Watu wa mtoni wanangoja onyo."

Vasiti akakifuta. Maonyo yakaenda, mbubujiko ukakoma.

Umeme ulipowaka, sakafu ilikuwa kavu, na karatasi mezani kavu. Lakini ukutani, juu ya vichwa vyao, mstari wa matope, kama unaoachwa na mafuriko, ulizunguka chumba kizima, bado ukichuruzika.