Ndiyo Iliyosemewa Mgongoni

"Nilimwambia ndiyo, Kapa. Kwa mdomo wangu huu huu. Naye akachukua kofia yake, akaondoka."

Glafira aliyasema hayo huku akikaza ngozi ya ngoma yake kwa nguvu zote, kana kwamba ngoma ndiyo iliyomkosea. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ya mapumziko, nyuma ya pazia la sarakasi ya Saratov, mwaka wa kumi na moja tangu vita viishe. Mbele yake alikaa Kapitolina, mpanda farasi, mwanamke aliyeweza kusimama kwa mguu mmoja juu ya farasi anayekimbia lakini hakuweza kunyamaza dakika mbili.

"Hebu anza mwanzo. Alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Glafira Yegorovna, mimi si kijana, na kazi yangu ni kuanguka. Ukiona nafaa, tuandikishe ndoa kabla ya Mei Mosi.' Basi. Akageuka, akaanza kutundika ukutani lile koti lake la mabaka."

"Akageuka?"

"Mwanamume akiona haya afanye nini? Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nimekuwa nikisubiri aseme tangu theluji ya kwanza. Kisha kilio kikanishika, nikajifunika uso. Nilipofunua, amesimama ananitazama kama mtu aliyefiwa. Akasema, 'Nisamehe, nilikosea.' Akaenda zake."

Kapitolina alinyamaza. Dakika mbili zikapita, na ya tatu ikaingia.

"Kwa hiyo ulimjibu akiwa amekupa mgongo," akasema hatimaye.

"Mgongo una nini?"

"Hauna kitu, mwenzangu. Nimeuliza tu."

Mwanamume mwenyewe alikuwa Lavr Dementyevich Kosykh, chale wa sarakasi ile. Watoto wa Saratov walimjua kwa jina la Pimpa. Kazi yake ilikuwa kuingia uwanjani wakati nyavu zinafungwa au vizimba vinasogezwa, awachekeshe watu wasianze kupiga miayo. Uwanjani hakutamka neno. Vitani alikuwa mpiga mizinga, na nishani zake alizivaa siku moja tu kwa mwaka, tena amefunga vifungo vyote vya koti la juu. Akiongea aliweka kiganja kifuani, na sauti yake ilikuwa ya chini. Simu hakuigusa. Ukimwambia anaitwa kwenye simu alionyesha shingo yake: "Koo."

Glafira alikuwa ametoka Penza msimu ule ule kuja kupiga ngoma badala ya mzee aliyestaafu. Aliona hizo zote ni dalili za ustaarabu, na kwa ustaarabu huo akampenda mpaka akawa anavunja vikombe.

Jumanne alikuta karatasi imechomekwa kwenye kamba za ngoma yake.

"Glafira Yegorovna, nimekuelewa na sikulaumu. Nimeomba uhamisho wa kwenda Omsk. Nikiondoka itakuwa nafuu kwetu sote. L. Kosykh."

Aliisoma mara tatu. Amemwelewa nini? Mwanamke anakubali posa, mposaji anamwelewa, kisha anakimbilia Siberia? Hata kichaa ana utaratibu wake. Akatoka mbio, akamwona Lavr anakwenda taratibu kwenye ujia wa mazizi.

"Lavr Dementyevich!"

Lavr hakugeuka.

"Lavr Dementyevich, nakuita wewe! Haya, nenda na kiburi chako! Nenda Omsk ukagande!"

Wala hakuongeza mwendo. Aliyegeuka ni Mama Fenya, bibi wa chumba cha mavazi, aliyekuwa akipita na rundo la soksi.

"Usimwite hivyo, mwanangu. Mpitie mbele."

"Nimpitie mbele? Nimkimbilie mwanamume mzimamzima, Mama Fenya?"

"Mimi sijasema kitu," akajibu bibi, na soksi zake zikapotea kwenye kona.

Siku ya pili yake palikuwa na onyesho la mchana la watoto wa shule. Mchezo wa Pimpa ulikuwa ule wa stuli. Anapanda, anaanguka, ngoma inapiga BUM, naye anainuka na kuigombeza stuli kwa kidole kwa sababu imepiga kelele. Mara tatu. Watoto hucheka mpaka kofia zinadondoka.

Mara ya kwanza Glafira akapiga. Mara ya pili hasira zikampanda kooni, akasema moyoni, anguka peke yako leo, tuone. Hakupiga.

Lavr alianguka kimya kimya kwenye vumbi la mbao. Akainuka, akaziba masikio yake, akaanza kuigombeza stuli kwa kelele ambazo haikupiga. Watoto wakatazamana. Mmoja tu alicheka, tena kwa kusitasita.

Fimbo ya ngoma ilibaki hewani. Hasira zote za Glafira zikamtoka, na badala yake kikaingia kitu kibaya zaidi kwa mwanamke wa Penza: hamu ya kujua. Mara ya tatu akapiga mapema makusudi, Lavr akiwa bado anapanda. Hakushtuka. Alipanda, akatulia, akaanguka kwa wakati wake, akainuka na kuigombeza stuli vilevile.

"Glafira Sotnikova, umelewa?" kiongozi wa bendi alimnong'oneza kwa meno.

"Hapana. Naangalia kitu."

Onyesho lilipokwisha alimkuta amekaa juu ya sanduku karibu na pazia, uso ameelekeza uwanjani kama desturi, maana mtu wa sarakasi haupi uwanja mgongo. Alikuwa akimenya yai la kuchemsha. Glafira akaja kwa nyuma, amebeba matoazi mawili ya shaba. Akayaachia yaanguke kwenye sakafu ya mawe.

Farasi wa Kapitolina alisimama kwa miguu miwili. Mbwa wote kumi na mmoja wakabweka kwa pamoja. Mtunza wanyama akatukana matusi ambayo Glafira hakuwa ameyasikia hata kwenye stesheni ya treni. Lavr akalitia yai lake chumvi.

Glafira akazunguka, akapiga magoti mbele yake. Lavr akainua macho, yakatua kwenye midomo yake. Siku zote yalitua pale, na yeye siku zote alidhani ni mapenzi.

"Mbwa wanabweka," Glafira akasema kwa midomo tu, bila kutoa sauti hata chembe.

"Wana njaa," akajibu Lavr.

"Sikutoa sauti, Lavr Dementyevich."

Yai likabaki mkononi. Akageuka, akaangalia matoazi sakafuni, kisha farasi aliyekuwa akitulizwa kule nyuma. Akaelewa.

"Tangu lini?" akauliza Glafira.

"Vitani, Königsberg. Sikio la kulia liliondoka palepale kwenye mzinga. La kushoto lilinisindikiza mpaka nyumbani, halafu nalo likaniaga."

"Na bendi? Unaifuataje?"

"Naangalia fimbo ya kiongozi. Watu wazima wakicheka naona mabega. Watoto naona meno."

"Na ngoma yangu?"

Lavr akagusa mbavu zake. "Ngoma yako hunifikia hapa, nikiwa karibu nayo. Leo nilidhani nimekaa mbali."

Glafira alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wewe wa kwanza. Wakijua nitapelekwa kwa madaktari, na madaktari watanipeleka kukata tiketi mlangoni. Sina kazi nyingine ninayoiweza, Glafira Yegorovna. Naomba uniachie hii. Nitakuwa Omsk, hutaniona."

Hapo ndipo kila kitu kilipomwangukia Glafira mahali pake. Mgongo, koti la mabaka, kilio chake, "nilikosea". Neno lilifika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Halafu akakumbuka jambo lingine, akaliuma.

"Kapa akiwa juu ya farasi, kamba yake ya usalama unaishika wewe."

"Namtazama. Simwachii jicho."

"Na siku vumbi likikuingia jichoni? Anapiga kelele kwamba kamba imekwama, wewe unafikicha jicho?"

Lavr akaliweka yai juu ya sanduku.

"Kamwambie mkurugenzi. Leo. Mimi siwezi kuolewa na mtu atakayemzika rafiki yangu."

"Kuolewa? Jibu lako nilishalipata. Nilikuona unalia."

"Uliona machozi. Jibu hukuliona. Nenda kwanza."

"Unanitoa uwanjani, Glafira Yegorovna."

"Najua ninachokifanya," akasema, ingawa hakujua hata kidogo.

Walimkuta mkurugenzi, Porfiry Savvich, mzee mnene mwenye ndevu za njano za tumbaku, akipiga kelele kwenye simu ya Moscow. Pembeni, kwenye samawari, Kapitolina na Mama Fenya walikuwa wanakunywa chai.

"Hapana, ndugu, hawezi kuja kwenye simu. Koo lake. Ndiyo, bado koo lile lile. Koo la mwaka wa tano, ndugu, madaktari wamechoka!" Akaikata. Akamgonga Lavr begani, akasubiri ageuke, ndipo akasema: "Haya, unasemaje?"

Lavr akaweka kiganja kifuani. Alisema yote kwa pumzi moja, mizinga, hospitali, kamba, na mwisho akasema yuko tayari kukabidhi koti la mabaka la Pimpa.

Mkurugenzi akamtazama Kapitolina kwa wasiwasi, kama mtu anayetaka kumlinda mwenzake.

"Kapitolina, haya yasitoke humu. Nilikuwa najua peke yangu, na ningependa—"

"Peke yako?" Kapitolina akaweka kikombe chini. "Mimi ninajua tangu msimu wa Kazan. Unafikiri kamba ikikwama nampigia kelele? Nainua mkono wa kushoto. Nilidhani mimi tu ndiye ninayejua."

"Nyote mmechelewa," Mama Fenya akasema. "Mimi nimemshonea vifungo miaka sita. Mtu ukimwambia tulia, asitulie mpaka sindano imchome, unajua."

"Na hamkuniambia?" Glafira akawageukia. "Kapa! Mimi nalia mbele yako Jumatatu nzima!"

"Jeraha la mwenzio halitajwi sarakasini, shoga. Ndivyo tulivyolelewa. Nilikuuliza habari ya mgongo, nifanye nini zaidi, nikuchoree?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi huu ulikuwa na kata tatu, na kila moja ilijiona iko peke yake. Lavr alikuwa akigeuza shingo kutoka mdomo hadi mdomo, hawezi kuwawahi.

Porfiry Savvich akamgonga tena begani.

"Kamba kuanzia leo ataishika mfunzaji wa mbwa. Hilo halina mjadala."

"Sawa."

"Koti la mabaka litabaki kwako. Na hili hapa," akavuta karatasi kwenye saraka, "ni ombi lako la Omsk. Sikulituma."

"Kwa nini, Porfiry Savvich?"

"Omsk hawakujui. Wangekuwa wanakusemesha mgongoni."

Lavr aliipokea karatasi. Aliikunja mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena. Kisha akamgeukia Glafira.

"Siku ile ulinijibu nini?"

Mkurugenzi akawa ghafla na kazi ya kutazama dari. Mama Fenya akachungulia ndani ya kikombe chake. Kapitolina hakutazama popote ila pale pale. Hilo hangelikosa hata kwa farasi mpya.

"Nilisema ndiyo."

"Rudia."

"Hukuona?"

"Nimeona. Rudia."

Glafira akauchukua mkono wake mkubwa, wenye chumvi ya yai bado vidoleni, akauweka kooni pake. "Ndiyo," akasema kwa sauti. "Tangu theluji ya kwanza, mjinga wewe. Ndiyo."

Lavr alicheka. Uwanjani Pimpa hucheka kwa mabega bila sauti, na wote walidhani ndiyo sanaa yake. Kumbe alikuwa anakiogopa kicheko chake, maana hakujua siku hizi kinatokaje. Kilitoka kikubwa mno kwa chumba kile, kinakwaruza, kinapanda na kushuka pasipo mpango, na mbwa kule mazizini wakaanza upya kubweka. Hakuna aliyemwambia apunguze.