Dole Gumba Shavuni

Shavu la yule binti wa udongo lilikuwa na kishimo, na jana halikuwa nacho.

Stefania alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi, akalitazama. Sanamu ile, kichwa na mabega tu, ilifinyangwa Ufaransa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Bwana Jaifar aliinunua mnadani Paris, akaiweka juu ya meza ya majlisi, sebule ya wageni, nyumbani kwake Mawaleh, Muscat, kisha akasafiri tena kikazi. Ilikuwa sura ya binti mwenye utepe kwenye nywele, midomo imeachana kidogo kama anayetaka kusema. Haikupakwa rangi wala kung'arishwa. Ilikuwa udongo mtupu uliochomwa, mwekundu kama mtungi.

"Mwanangu kaniletea mkamwana wa pili," alitania Bibi Balqees, mama yake Jaifar, siku ilipofika. "Huyu hana hata miguu ya kukimbilia."

Leo Stefania hakukumbuka kucheka. Majlisi ilinuka udongo mbichi, ingawa madirisha yalifungwa na kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Na kile kishimo kilikuwa alama ya dole gumba, pamoja na mistari yake yote.

Baada ya sala ya adhuhuri, nyumba ilipojilaza, alisikia kitu majlisini. Pa. Pa. Pa. Mlio huo aliujua. Mama yake kule Kyela alikuwa mfinyanzi, na ndivyo kiganja kinavyolia juu ya udongo uliolowa. Alichungulia. Hapakuwa na mtu, ila sasa kishimo kilikuwa kirefu zaidi.

"Kumbe ni wewe unayeishikashika!"

Nasriya, mke wa Jaifar, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sijaigusa, Madam. Mimi mtoto wa mfinyanzi. Udongo ukishachomwa haupokei kidole."

Nasriya alimkazia macho. "Aa, udongo unaujua. Basi na kuulainisha unajua. Hii sihri, Stefania."

Neno hilo lilimkata maini. Mfanyakazi anayerudishwa kwao kwa uchawi hapati nyumba nyingine Muscat, na jina hilo hufika kijijini kabla yake.

"Tia dole lako hapo," Nasriya aliamuru. "Likienea, naipigia ofisi iliyokuleta, sasa hivi."

Stefania alitia. Dole likaenea kama lililozaliwa humo.

"Umeona, Bi Mkubwa?"

Bibi Balqees, aliyeamshwa na sauti zao, alijikongoja hadi mezani. "Nnaona," alinong'ona. "Na wewe hebu tia lako."

"Mimi?"

"Wewe. Unaogopa nini, na mchawi ushampata?"

Nasriya akatia dole lake polepole, na udongo ule uliokauka kabla babu wa babu zake hawajazaliwa ukampokea, ukawa laini na wa moto kama shavu la mtoto mwenye homa, ukalizunguka dole mpaka juu ya ukucha, ukaanza kunyonya, na kila alipovuta ndivyo ulivyozidi kukaza, mpaka Bibi Balqees akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti iliyokatika-katika, na Stefania, aliyetuhumiwa muda mfupi tu uliopita, akamkumbatia Nasriya kiunoni na kuvuta naye, ndipo likachomoka.



"Si yeye," alisema Bibi Balqees. "Mtake radhi mtoto wa watu."

"Nisamehe, Stefania."

"Yameisha, Madam. Lakini isikae humu mpaka kesho."

"Mpigie mumeo," alinong'ona Bibi.

Nasriya aliweka dole juu ya simu. Ikakataa kufunguka. Akalifuta kwenye abaya, akarudia. Ikakataa. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa jororo kama yai lililomenywa, halina mstari hata mmoja. Stefania naye alikunjua ngumi yake taratibu. Lake lilikuwa vilevile.

Simu ikamponyoka Nasriya, ikaangukia mezani, chini ya kidevu cha binti wa udongo.

Hakuna mtu aliyeigusa. Ikatoa mlio mdogo, ule inaoutoa ikimtambua mwenyewe, ikafunguka.