Mutegi na Video Isiyopokea Kaseti za Jirani

Nyinyi mnaotembea na sinema mfukoni, kaeni kitako kidogo niwaeleze tulivyokuwa tukitazama televisheni hapa Kaaga katika miaka ya themanini. Mimi Jedidah nilikuwapo, tena nilikuwa na meno yote.

Stesheni ilikuwa moja tu. Ilifunguliwa jioni, ikatupa nyimbo, taarifa ya habari na vichekesho, kisha ikafungwa kwa wimbo wa taifa, na wengine wetu tulisimama wima sebuleni kana kwamba rais anatuona. Jumapili jioni tulikusanyika kwa Mithika. Huyu alikuwa mtu wa Mikinduri, mfanyabiashara wa miraa, aliyenunua kipande cha shamba hapa kwetu ili watoto wake wasome katika shule za Kaaga. Mkewe Phyllis aliweka karai la maji mlangoni, watoto wanawe matope kabla ya kukanyaga sementi yake nyekundu. Chai ilipikwa kwa sufuria ya harusi. Antena ilikuwa kwenye mlingoti uliofungwa juu ya mti wa mukima nyuma ya jikoni, na upepo wa mlimani ukivuma picha ilijaa chenga. Hapo mtu alitoka kuuzungusha mlingoti, sisi tukimpigia kelele dirishani: "Hapo hapo! Wacha! Aii, umepitisha!"

Mungu anisamehe, lakini hata kwaya yetu haikuwahi kukubaliana kwa sauti moja kama ile ya "umepitisha."

Mithika ndiye aliyeleta video ya kwanza mtaani. Tulishangaa. Kipindi kikipita ukiwa unakamua ng'ombe, Mithika alikuwa amekirekodi, nawe ukakiona kesho yake kama aliyekuwapo. Hakumnyima mtu. Mwenye mashine kama yake aliazima kaseti, akarudisha akipenda, na asiyekuwa na mashine alikuja na mguu wake.

Sasa, ng'ambo ya barabara, akitazamana na Mithika, aliishi Mutegi, karani katika ofisi ya ushirika wa kahawa mjini Meru. Mutegi hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakumpiga mkewe Ntinyari, na kanisani alikaa mbele. Kasoro yake ilikuwa moja: mkono wa birika. Kwake hata kiberiti kilikuwa na mahali pa kufichwa.

Lakini kwa Mithika, Mutegi alikuwa amefungwa. Ukoo wake na ukoo wa Mithika ni gichiaro. Nyinyi mlio wageni hapa Meru, gichiaro ni undugu wa kale kati ya koo mbili, na una nguvu kupita undugu wa tumbo moja. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Humdhuru. Na zaidi ya yote, humdanganyi, maana wazee walisema uongo huo huleta laana. Mithika hakuutumia vibaya undugu huo. Aliomba jembe, akaomba mche wa mparachichi, akarudisha fadhila mara mbili. Hata hivyo Mutegi alihesabu kila jembe moyoni.

Siku Mutegi alipoamua kununua video yake, alikwenda mjini na Ntinyari, naye Ntinyari ndiye aliyenisimulia. Mwenye duka aliwawekea mashine mbili juu ya meza.

"Hii ni VHS," akasema, "kaseti yake ni kubwa. Na hii ingine ni Betamax, kaseti ndogo. Picha ya Betamax iko safi kidogo, sitakudanganya. Lakini watu wengi hapa wako na hii kubwa."

"Kaseti ya hii inaweza kuingia kwa hii?" Mutegi akauliza.

"Haiwezi. Hata ukigonga na nyundo."

Ntinyari anasema mumewe alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Basi nifungie hiyo ndogo."

"Baba Mukiri," mkewe akamwambia polepole, "si tungechukua kama ya kina Mithika, tuwe tunabadilishana?"

"Hiyo ndiyo sitaki. Akiomba kaseti zangu, nitamnyima namna gani? Lakini hawezi kuomba kitu hakimfai."

Mnaona werevu huo? Watu huchagua video kwa picha, kwa sauti, kwa bei. Mutegi alichagua yake ili apate mlango wa kuukwepa undugu. Nimeishi miaka mingi na sijamwona mwingine aliyenunua kitu kwa sababu ya namna hiyo.

Jioni hiyo hiyo Mithika alivuka barabara akiwa na furaha tele, kana kwamba mashine ni yake. "Ndugu yangu! Sasa tuko na mbili. Wewe ushike mieleka, mimi nishike nyimbo, halafu tunabadilishana!" Kisha akainama, akauona ule mdomo mdogo wa mashine. "Kwani hii ni ile ya kaseti ndogo? Mbona ukachukua hii?"

Mutegi akakohoa. "Dukani ilikuwa imebaki hii peke yake."

Ntinyari aliiweka chupa ya chai mezani akatoka nje. Mimi ni Mmethodisti, sitawaambia kwamba mtu alilaaniwa. Nitawaambia tu yaliyofuata.

Mamake Mutegi, Igoki, aliishi katika nyumba ndogo kwenye boma hilo hilo. Tuliimba naye katika kwaya ya akina mama, na sauti yake, jamani, sauti ya yule mama ilikuwa inakufanya usahau ugomvi wa nyumbani. Lakini macho yake yalikuwa yakimwacha. Daktari alisema ni presha ya macho: yaliyokwisha kupotea hayarudi, na yaliyobaki yatapungua kidogo kidogo. Alimwambia haya Mutegi, na Mutegi alimwambia mamake. Sote tulijua.

Mwaka huo kwaya yetu ikaitwa Nairobi kurekodiwa kwa televisheni. Sitasahau tulivyopiga pasi vitambaa vyetu vyeupe vya kichwa, tukavibeba magotini safari nzima visikunjike. Taa za studio zilikuwa kali mno. Igoki aliinua uso akaniambia, "Jedidah, leo naona kama msichana." Tuliimba wimbo mmoja tu. Tuliporudi, alimwita mwanawe.

"Mutegi, nimeimba tangu niko msichana na sijawahi kujiona nikiimba. Unishikie huo wimbo kwa mashine yako. Nataka nijione kabla giza haijafika."

"Hiyo ni kazi ndogo, Mama."

Wimbo wetu ulitangazwa kuwa ungetoka Jumapili fulani jioni, na jioni hiyo kwaya ilikuwa Nkubu kwa harambee ya kanisa. Mutegi naye alikuwa na safari ya kwa wakwe. Akaitegea mashine saa yake, kwa maana ilikuwa na saa ya kujiwasha, akaondoka akijisifu. Alasiri stima ikapotea, ikarudi. Ilipotea kidogo tu, lakini ile saa ilisahau kila kitu ilichoambiwa, ikabaki inapepesa sifuri. Mashine haikurekodi hata sauti ya kikohozi.

Mithika alikuwa nyumbani. Yeye hakuamini saa za mashine. Aliketi mbele ya televisheni akangoja, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Asubuhi Phyllis aliileta kaseti ikiwa imefungwa kwa leso safi. "Mpelekee Mama ajione," akasema, akarudi kwake kuwahi ng'ombe. Mutegi akaichukua, akaielekeza kwenye mashine yake. Ikagota mlangoni.

"Sukuma," Igoki akasema. Alikuwa ameshavuta kigoda hadi karibu na kioo.

"Haiingii, Mama."

"Kwa nini?"

"Ni ya aina ingine."

"Si twende tu kwa Mithika?" Ntinyari akasema. "Ni kuvuka barabara."

Hapo ndipo uongo ulipomkaba Mutegi. Babake alimfunza kwamba ukiwa umemdanganya wa gichiaro, usiende kuketi kwake wala kuonja chakula chake mpaka uungame. Kuungama, aliona aibu. Kwenda bila kuungama, aliogopa. Basi akachukua njia ya tatu, ile ya waoga. "Nitaituma Nairobi, wainakili kwa kaseti yangu. Mama ataona hapa nyumbani, kila siku akitaka."

Kaseti ikaenda Nairobi kwa mkono wa mfanyakazi mwenzake. Sisi wanakwaya, isipokuwa Igoki aliyekwenda kungoja ya mwanawe, tulikuwa tumeshaitazama kwa Mithika usiku tuliorudi kutoka Nkubu, tukicheka na kuelekezana nani alifungua mdomo kama kiboko. Nilimsihi Igoki aje aitazame pamoja nasi kwa Mithika siku kaseti itakaporudi. Alikataa.

"Mwanangu ana video," akaniambia. "Nikienda kujiona kwa watu, watasema nini juu yake?"

Niliumia sana siku hiyo, na bado naumia nikikumbuka. Mama alikuwa akilinda heshima ya mwanawe, na mwanawe alikuwa akilinda uongo wake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mvua ya masika ikaisha. Kahawa ikaiva, ikachumwa. Kila Jumamosi Igoki aliuliza, na kila Jumamosi jibu lilikuwa "wiki ijayo." Kanisani akaanza kututambua kwa sauti, si kwa sura. Nilimwona akimimina uji kando ya kikombe, nikageuka nisimwaibishe. Mwishowe kaseti ikarudi kutoka Nairobi ikiwa vile vile ilivyokwenda. Yule mwenzake hakupata mtu wa kuinakili.

Jumapili moja Mutegi aliingia sebuleni akamkuta mamake ameketi kigodani peke yake, televisheni ikiwa imewashwa. Alikuwa ameegemea mbele, ametulia, anatazama. Lakini alikuwa anatazama kabati lililo kando ya televisheni.

Mutegi alivuka barabara bila kuvaa koti. Sisi tulikuwa kwa Mithika tunangoja taarifa. Akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Ndugu yangu, nilikudanganya. Dukani zilikuwako aina zote mbili. Nilichukua ile ndogo ndio usiniombe kaseti."

Mithika akasema, "Najua. Yule mwenye duka anakulanga miraa yangu. Aliniambia wiki hiyo hiyo."

"Na mbona haukusema?"

"Ningesema, ungeungama aje?" Mithika akainuka, akachomoa nyaya za video yake mwenyewe, akaikumbatia kifuani. "Mama ako macho? Twende."

Tulivuka wote. Mithika akaiunganisha mashine yake na televisheni ya Mutegi, akaitia kaseti. Sauti zetu zikajaa nyumba. Igoki aligutuka, akaugeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Ni sisi! Mimi niko wapi?"

Mutegi alipiga magoti kando yake. "Mstari wa mbele, Mama. Kando ya Jedidah."

"Kitambaa kimekaa sawa?"

"Kimekaa sawa."

"Nimekunja uso ama nacheka?"

Mutegi alikuwa analia kama mtoto, na mtu anayelia hivyo naye haoni kitu. Igoki alimpapasa mpaka akapata kichwa chake, akamshika.

"Wacha kulia, uangalie. Ni wewe uko na macho. Nacheka?"

"Unacheka, Mama. Umeinua uso, na unacheka."

"Kumbe," akasema Igoki. Wimbo ulipokwisha akasema, "Rudisha nyuma. Niambie tena, polepole, na usiruke kitu."

Akamwambia tena. Na Jumapili iliyofuata, na zile za baadaye, Mutegi alimshika mkono mamake wakavuka hadi kwa Mithika, akamsimulia ule wimbo mmoja mpaka sisi wengine tukaukariri pamoja na maneno yake. Igoki aliishi miaka michache hivyo, kisha Bwana akamwita. Hakuwahi kujiona akiimba.

Mafunzo ya Hadithi Hii

Ndugu zangu wa Meru na wa Embu, na kwingineko kokote, kizuri kula na mwenzio. Mali uliyoichagua ili isimfae jirani, hujui siku ambayo mahitaji yako mwenyewe yatakuwa mikononi mwa jirani huyo. Mutegi alifunga mlango ili Mithika asiingie, akamfungia mamake nje.

Tena, uongo ukishausema, uungame mapema ungali mdogo. Aibu ya kuungama ilikuwa ya jioni moja tu. Ile ya kunyamaza Mutegi anayo hadi leo, naye ni mzee sasa, na ameniruhusu niisimulie ili nyinyi mpone.

Na la mwisho nawaambia vijana hasa. Mzazi akikuomba kitu cha kutazama, mpe macho yake yangali yanaona.