Saini Kumi na Mbili

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, lori la taka la halmashauri liliteremka mtaa wa bondeni likinguruma na kukohoa moshi. Likifika kwenye kona ya zahanati lilipiga honi mara mbili, na watu walitoka mbio na ndoo, viroba na makarai, wengine mswaki bado mdomoni. Nyuma ya usukani alikaa mwanamke mfupi aliyelazimika kukalia mto ili aione barabara vizuri. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kana kwamba mji haukuwa na dereva mwingine.

Dereva alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na tatu. Naye alikuwa na jina lake la mtaani: Karani. Tangu darasa la nne aliwaandikia majirani barua zao, za kuomba kazi, za kuwasalimu ndugu, za kumlalamikia mwenye nyumba. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kwenye mstari kama askari wa gwaride, na yeye mwenyewe alilijua hilo, akajivunia.

Mama na binti waliishi kwa bibi, mzaa mama. Nyumba ilikuwa ya bibi: vyumba viwili na kibaraza, namba arobaini na tatu. Aliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali moja moja, kwa pesa za ushonaji, mpaka macho yalipomgomea.

Mwaka huo diwani wa kata alileta hoja kwamba kiwango cha kodi ya majengo kipunguzwe kwa theluthi nzima. Gari lenye vipaza sauti lilipita likitangaza: "Pesa yako ibaki mfukoni mwako!" Mtaani hakukuwa na mazungumzo mengine. Hata nyumbani kwa Karani, chakula kilipoa watu wakibishana.

"Mama, hiyo kodi ndiyo inayotia mafuta kwenye lori langu," alisema Dereva. "Wakiikata, unafikiri watapunguza nini? Posho zao?"

"Mimi sijui habari za mafuta," alijibu bibi. "Ninachojua ni kwamba kila mwaka nauza kitu ili niilipie nyumba niliyoijenga kwa mikono hii. Mwaka juzi kabati. Mwaka jana cherehani yangu, mwanangu, cherehani! Mwaka huu niuze nini? Sufuria?"

Dereva alianza kukusanya sahani. Siku cherehani ilipobebwa, yeye ndiye aliyeshika upande mmoja.

Wa kwanza kuipinga hoja ile waziwazi alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye watoto walimwita Mama Nesi. Alijua kwamba lori likiacha kuja, taka zitajaa mitaroni, na watoto ndio watakaoletwa kwake wakiharisha. Kanuni za baraza zilisema hivi: zikipatikana saini za nyumba mia tatu, kila nyumba saini moja ya mwenyewe au ya mpangaji wake, hoja haitapigiwa kura mpaka wakazi wasikilizwe kwanza mitaani kwao. Saini zilitakiwa zifike ofisini Ijumaa, saa kumi jioni, ili zikaguliwe kwenye kikao cha baraza cha Jumanne.

Mama Nesi alimpa Karani sehemu ya chini ya mtaa, pamoja na rafiki yake wa darasani aliyeitwa Mrefu. Kwa wiki nzima baada ya masomo, wasichana hao wawili walibisha hodi nyumba kwa nyumba. Namba arobaini na tatu hawakuigusa. Mwenye nyumba alikuwa bibi, na msimamo wa bibi ulijulikana.

Ijumaa saa tisa Karani alikaa kwenye benchi la nje ya zahanati, akakusanya karatasi zote na kuzihesabu. Akarudia. Zilikuwa mia mbili themanini na nane.

"Zimepungua kumi na mbili," alisema.

"Tumwambie Mama Nesi," alisema Mrefu.

"Atafanya nini? Huoni foleni ya wagonjwa? Imefika barabarani."

"Basi tukabishe tena."

Walikimbia. Nyumba zilikuwa zimefungwa, watu wako makazini. Saa tisa na nusu Mrefu akaitwa kwao kumbeba mdogo wake, na Karani akarudi kwenye benchi peke yake, jasho likimtiririka.

Aliitazama ile mistari kumi na miwili iliyokuwa wazi. Akamfikiria mama yake akikalia mto wake, akipiga honi mara mbili. Hawa wa nyumba zilizofungwa wangekubali tu, alijiambia. Fundi mwashi angekubali. Mama muuza mkaa naye angekubali, si kila siku anailalamikia harufu ya mtaro? Akaandika jina la kwanza, akaulaza mwandiko upande. La pili akaliandika kwa herufi kubwa kubwa, kama za mtu asiyezoea kalamu. Mwanzoni mkono ulisitasita, kisha ukazoea, na hilo la kuzoea ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka.

Alipofika kumi na moja alikwama. Majina ya nyumba nyingine zilizobaki hakuyajua. Saa ya ukutani ndani ya zahanati ilionyesha kumi kasoro dakika kumi. Jina moja tu lilibaki kichwani mwake, pamoja na namba ya nyumba yake. Bibi hataenda kikaoni, aliwaza, magoti yanamsumbua. Akaandika.

Mama Nesi alitoka akivua glavu. "Zimetimia?"

"Zimetimia."

"Mia tatu kamili?"

"Kamili."

Mama Nesi alimkumbatia mbele ya wagonjwa wote, kisha akazikimbiza karatasi ofisini kwa bodaboda.

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, ukumbi wa baraza ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Karani alipoingia na Mrefu, alisimama ghafla. Safu ya mbele, ndani ya gauni lake la kutokea, alikaa bibi. Diwani alikuwa amempelekea gari.

Diwani alipopewa nafasi alimsaidia bibi kusimama. "Waheshimiwa, msinisikilize mimi. Msikilizeni mama huyu mjane."

Bibi alieleza kuhusu kabati. Akaeleza kuhusu cherehani. Hakulia wala hakutia chumvi, na wengi wakatikisa vichwa kwa huruma. Hata Dereva, aliyesimama mlangoni na ovaroli lake la kazi, aliinamisha kichwa.

Kisha katibu wa baraza, mzee mwenye miwani, akainua kidole. "Samahani, mama. Nyumba yako ni namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mbona hapa nyumba namba arobaini na tatu imetia saini kuipinga hoja? Jina ni lako."

"Mimi? Mwanangu, hiyo karatasi sijapata hata kuiona."

Akapelekewa. Bibi aliisogeza karibu na uso, karibu kabisa, kama alivyokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Karani aliona mgongo wa bibi ukinyooka, kisha ukishuka taratibu. Hakuna mtu aliyeujua mwandiko ule kama yeye, hata ukilazwa upande. Ndiye aliyemshika mkono mjukuu wake kumfundisha herufi ya kwanza.

"Je, ni saini yako?" aliuliza mwenyekiti.

"Si yangu."

"Unamjua aliyeiandika?"

Bibi alibana midomo. "Hilo msiniulize."

Diwani alikuwa tayari amesimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, kama hii moja ni ya uongo, nyingine ngapi ni za uongo? Nani aliyetuletea takataka hii?"

Mama Nesi akainuka kwa shida. "Niliyewasilisha ni mimi. Kama kuna kosa, ni langu."

Karani aliona uso wa Mama Nesi ukisawijika mbele ya watu aliowatibu miaka ishirini. Alishindwa kuvumilia. Akasimama.

"Si yeye. Hajui lolote. Ni mimi. Ni saini kumi na mbili, nyingine zote ni za kweli. Nawaapia, nyingine zote ni za kweli!"

Watu wengine waliguna, wengine wakacheka. Mwenyekiti alisubiri kelele zitulie.

"Binti, umefanya vizuri kusema," alisema. "Lakini kumi na mbili zikitoka, mia tatu hazipo. Na karatasi iliyochezewa siwezi kuipokea."

Saini mia mbili themanini na nane za kweli zikawekwa pembeni pamoja na zile za uongo. Kura zikapigwa. Madiwani kumi na mmoja waliunga mkono, tisa wakapinga. Kodi ikakatwa.

Nje ya ukumbi Karani alimkuta Mama Nesi ameegemea ukuta.

"Nisamehe, Mama Nesi."

"Ungeniambia zimepungua," alisema Mama Nesi kwa sauti ya uchovu. "Neno moja tu. Kanuni inaruhusu kuomba siku tatu za nyongeza. Imeandikwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo uliyokuwa umeishika."

Akaondoka, na Karani akabaki ameshika tama kwenye ngazi mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Mwezi haukuisha kabla Dereva hajapewa barua. Lori lingepita bondeni mara moja tu kwa mwezi, na dereva mmoja wa halmashauri alitosha kwa mji wote. Yeye akawa amemwaga unga. Siku hiyo alirudi nyumbani na ule mto wake kwapani, akauweka juu ya kitanda, hakumkemea mtu. Karani angefurahi kukemewa.

Wiki ya tatu baada ya hapo mtaro ulikuwa haupitishi maji. Nzi walitua mpaka kwenye midomo ya watoto waliolala. Foleni ya zahanati ilirefuka, na mdogo wake Mrefu akalazwa siku nne akiharisha, amebaki macho tu. Alipona, lakini kwa wiki kadhaa Mrefu alikaa dawati jingine.

Na bibi? Alichopunguziwa kilitosha sabuni na chumvi. Mwenye jengo la ghorofa tano kule juu alipaka jengo lake rangi mpya.

Hakuna tena aliyemletea Karani barua ya kuandikiwa. Mama muuza mkaa alimwambia bila kuficha: "Nitamngoja mwanangu arudi likizo. Nisije nikaandikiwa nisichosema."

"Nenda kwenye hizo nyumba," Dereva alimwagiza siku moja. "Zote kumi na moja. Usitume mtu."

Akaenda, roho mkononi. Fundi mwashi alimsikiliza, ndoo ya saruji bado mkononi. "Mimi ningetia saini kwa mikono miwili," alisema. "Ungenisubiri tu nirudi kutoka kazini." Katika nyumba ya jirani yake mzee mmoja alimwambia, "Mimi nilikuwa upande wa diwani. Ulinigeuza bila kuniuliza," akafunga mlango. Kati ya wale kumi na mmoja, wanane walisema wangekubali. Karani alirudi akiirudia idadi hiyo njia nzima.

Mama Nesi hakukata tamaa. Alibeba daftari la wagonjwa, akaongozana na mwashi, Dereva na majirani wengine kumi hadi ofisi za halmashauri. Safari hii hawakumpa Karani karatasi yoyote, naye hakuomba. Walirudishwa mara mbili. Mara ya tatu wakakubaliwa: lori lingerudi bondeni siku moja kwa wiki, na Dereva angeliendesha siku hiyo moja. Siku nyingine alipata kibarua cha kuendesha boza la maji la tajiri mmoja, kwa malipo ya kubahatisha. Halikuwa lile walilolitaka, lakini mtaro ulianza kupitisha maji.

Jumamosi ya kwanza lori liliporudi, mtaa wote ulitoka na makoleo. Karani alichota taka tangu asubuhi hadi alasiri bila kusema na mtu. Walipomaliza alikaa kwenye kibaraza, hatua chache kutoka kwenye kigoda cha bibi.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

Karani aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema bibi. "Huenda nilikosea kumuunga mkono yule bwana. Pua yangu imeniambia hivyo mwezi mzima. Lakini nilikuwa na haki ya kukosea kwa kinywa changu mwenyewe. Tunakula sahani moja, mimi na wewe. Ungeniuliza. Ningekukatalia, tungegombana, na pengine siku ya tatu ningekwambia lete hiyo karatasi. Sasa hatutajua kamwe."

"Nilitaka kumsaidia mama."

"Najua. Ulichokitaka kilikuwa kizuri, ndiyo maana kinauma. Watu mia mbili themanini na nane walisema kweli, na uongo wako ukawafunga midomo wote. Mtu akikupa saini yake amekupa neno lake. Asipokupa, usijichukulie, hata kama una haki kiasi gani. Ukipungukiwa, sema umepungukiwa. Ni aibu ya siku moja tu."

Karani alikaa pale pale, mikono ikimnuka taka. Bibi hakumwambia kwamba amemsamehe. Baada ya kitambo alimsogezea kata ya maji anawe, na hapo ndipo Karani alipolia.