Pembe ya Juisi ya Pasheni

Jumamosi moja ya mwaka 1973 soko la Nyeri lilijaa hadi getini. Moffat, fundi wa redio kutoka Othaya, alipokanyagwa mguu mara ya tatu, alijibanza kwenye meza ya msichana aliyekuwa akikamua pasheni. Msichana huyo alivaa gauni la manjano na kitambaa cheupe kichwani, na harufu ya matunda ilimzunguka.

"Unanunua ama unajificha?" msichana alimuuliza. Aliitwa Watiri.

"Nikinunua utaniruhusu nijifiche?"

"Mpaka glasi iishe."

Akanywa glasi nne. Ya nne aliinywa polepole mno ili isiishe.

Tangu hapo akawa anampigia simu kila Jumatatu kwenye duka la Wakonyo, mkabala na soko.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umeosha ile shati ya buluu, ama sasa inasimama yenyewe?"

Mapenzi yalikolea. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, Mzee Nderitu, baba yake Watiri. Alikuwa mjane aliyeokoka miaka kumi na moja nyuma, baada ya pombe kumlia nusu ya shamba. Watiri alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimtoa mtaroni. Mila ilitaka siku ya posa upande wa mvulana ulete kinywaji walichotengeneza wenyewe, lakini mzee alishasema pombe haitaingia bomani mwake.

"Basi utatengeneza juisi," Watiri alimwambia Moffat. "Toa pasheni na kijiko, sugua kwa kitambaa polepole. Usiponde mbegu, itakuwa chungu. Sukari chemsha na maji kwanza, ipoe, halafu kamulia ndimu. Na mpenzi, tengeneza asubuhi hiyo hiyo ya kuja."

"Lakini niko na mikono ya redio, Watiri."

"Redio iko na waya ngapi? Hii ni matunda tu."

Posa ilikuwa Jumamosi, lakini kwa kuogopa kuchelewa, Moffat aliitengeneza Alhamisi. Tena mjomba wake Gicheru alikataa katakata mtungi wa plastiki. "Ati tuende kuomba msichana na mtungi ya mafuta?" Akatoa kibuyu cha marehemu babu, kilichokuwa kimeivisha muratina, pombe ya kienyeji, miaka thelathini. Moffat alilelewa kanisani, hakuwahi kuonja pombe maishani, na hakujua kwamba kibuyu cha aina hiyo huchachusha chochote kinachotiwa ndani. Alikiosha kwa maji ya moto mara tatu, akamimina juisi, akakiweka kando ya jiko siku mbili. Hapo ndipo maskini alipojimaliza.

Jumamosi wazee waliketi uani kwa Mzee Nderitu. Watiri alitoka na gauni la samawati lenye marinda, viatu vya kuazima vikimbana. Shangazi yake Murugi akajaza pembe ya kunywea kutoka kibuyuni, akamkabidhi mbele ya wote.

"Watiri, hii tunywe ama tusinywe?"

Kila mtu pale alijua maana yake. Msichana akionja na kumpa baba yake, amemkubali mchumba. Akiiweka chini amemkataa, na wageni hao hawarudi tena.

Watiri akaonja. Povu lilimchoma ulimi. Ilikuwa pombe! Haikuwa kali, lakini ilikuwa pombe. Angesema, Moffat angeonekana amekuja kumdhihaki mtu aliyeokoka, na angelaaniwa pale pale. Akamtazama Moffat, aliyekuwa akitabasamu katika suti yake mpya ya kijivu. Akamtazama baba yake. Kisha akainama akaiweka pembe chini.

Gicheru alichukua kofia yake bila kuaga. Walipofika kona ya barabara alimimina kidogo kutoka kile kibuyu apooze koo, akatema. "Moffat! Wewe umetuletea nini?"

Jumatatu simu ililia kwa Wakonyo.

"Watiri wangu, nisamehe. Nilionja. Sasa najua."

"Nilijua utajua tu."

"Kwa hivyo hukunikataa?"

"Ningekukataaje? Tangu siku hiyo sijalala, Moffat. Nakuita peke yangu kama mwendawazimu."

Moffat alicheka huku machozi yakimtoka. "Basi nakuja leo. Nitapiga magoti nimwambie baba yako ukweli. Hao wazee watanung'unika, halafu watazoea."

"Usikuje."

"Kwa nini, mpenzi?"

Watiri aligeukia ukuta ili Wakonyo asimwone uso.

"Baba alijua. Alinusa hata kabla sijaonja. Na hakuniambia niiweke chini, Moffat. Alinyoosha mkono."

"Labda alitaka kuimwaga."

"Mikono yote mbili. Nilipoiweka chini aliniangalia kama mtu amenyang'anywa chakula. Jana hakuenda ushirika wa kanisani. Amekaa tu mlangoni, anaangalia barabara ya kwenda mjini. Nikiolewa huko Othaya, nani atamzuia?"

"Nitangoja," Moffat alisema.

"Ungoje nini? Afe?"

Neno hilo liliwaumiza wote wawili.

"Tafuta mwingine, mpenzi," Watiri alisema kwa sauti ndogo. "Awe mzuri. Na usiwahi kumwambia habari yangu."

Akaweka simu. Saa nane mchana, wateja wakiwa bado wamepanga foleni, alifunika matunda yake akapanda kilima mbio kuelekea nyumbani, akimwomba Mungu amkute baba yake bado ameketi mlangoni.