Mpelelezi Aliyeanguka Paani

Jua la Edendale, mtaa wa studio za filamu, lilikuwa linazama Hattie alipoingia chumba cha kuunganisha filamu. Kazi yenyewe ndogo tu: kukata, kugundisha, iwahi treni ya asubuhi. Filamu ya kuchekesha isiyo na sauti, wapelelezi wawili mabwege wanamsaka mwizi wa bata mzinga. Mmoja alikuwa Gus. Mwingine Wilbur, mumewe.

Mume ambaye tangu walipoipiga filamu ile, hamwelewi.

Chakula anakisukumasukuma tu. Hakoromi tena, yeye ambaye majirani walikuwa wakimgongea ukuta. Na ile harufu... ya majani makavu.

Hattie aliinua ukanda wa filamu kwenye mwanga wa dirisha. Wilbur anateleza ukingoni mwa paa. Hapo, kama kawaida, kamera ilisimamishwa, kila mtu akaganda alipo, na sanamu ya majani ikawekwa mahali pake ili ndiyo itupwe chini. Hattie ndiye aliyeishona. Kichwani aliibandika nywele za Wilbur mwenyewe, ifanane naye.

Akatazama picha zilizofuata. Sanamu inaanguka...

Mkono ukashika kofia.

Akasogeza ukanda. Macho yamefumbuka. Mdomo unatamka kitu, na Hattie alikuwa amezoea kusoma midomo isiyo na sauti.

*Hattie.*

“Bado tu, shemeji?” Gus alichungulia mlangoni.

“Gus...” alinong'ona. “Ile sanamu iko wapi?”

“Ya Wilbur? Tumeichoma jana. Ilianza kunuka, utadhani panya kafia ndani!”

“Nani aliichoma?”

“Wilbur mwenyewe. Kang'ang'ania mpaka ikawa majivu.” Gus alicheka peke yake. “Huyo anakuja kukuchukua. Haya, mie naenda zangu.”

Ngazi zililia kidogo mno kwa mtu mnene kama Wilbur.

Hattie alikata kipande kile haraka, akakitumbukiza ndani ya blauzi.

“Mke wangu.” Alisimama mlangoni, anatabasamu. “Pale ninapoanguka... hapachekeshi. Nipe kipande hicho, nikakichome.”

“Nilishakikata. Kimetupwa.”

“Wapi?”

“Sijui, Wilbur. Taka ni taka.”

Alimtazama muda mrefu bila kupepesa macho. Kisha akamshika mkono kwa mkono wake mwepesi, usio na joto, wakashuka.

Njia nzima Hattie alilia kimyakimya. Hakuthubutu kufuta machozi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa na yule, na wa pili ulikuwa umemkumbatia mumewe kifuani, ndani ya kile kipande cha filamu.