Waugue Pamoja, Yaishe

Wazazi wenzangu, nyumba ya bibi Sabado pale Bissau ilikuwa nyumba ya raha. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, mwanawe yuko mashambani, naye na mkwewe Ermelinda walikaa uani wakikamua mabibo na kutaniana. Wajukuu walikuwa wawili: Abilio wa miaka mitano, na Celeste, kitoto cha miezi minane ambacho bibi alikiita "mke mwenzangu".

Siku moja Abilio alirudi mchezoni macho mekundu, kamasi zinamtiririka. Baada ya siku tatu vipele vikatoka nyuma ya masikio. Surua. Chanjo aliikosa; siku ya kuchanja wote walikuwa kwenye korosho.

Tome, nesi wa mtaa, akapita kuwaona. "Mdogo hajafika umri wa chanjo," alisema. "Msimlaze na kaka yake. Na fungueni madirisha."

Alipotoka, bibi alicheka. "Kijana wa juzi huyo! Mimi nimelea tisa. Surua ikiingia unawalaza pamoja, waugue pamoja, yaishe. Au unataka tuuguze mara mbili?"

"Lakini mama, nesi kasema..."

"Nesi kazaa wangapi?"

Ermelinda akarudi kwenye mabibo yake. Wewe ungemjibu mama mkwe wako? Haya. Bibi akafunga dirisha, akaziba nyufa kwa vitambaa ili upepo usiwapige, akawalaza watoto ndani ya chandarua kimoja, pua kwa pua. Alifanya kwa mapenzi, nalisema wazi. Ila katika wale tisa alizika watatu, na hilo hakulitaja.

Wiki haikuisha, Abilio alikuwa anakimbiza kuku. Bibi akatamba mtaa mzima. Siku chache baadaye Celeste akashikwa. Homa ikapanda, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, ziwa akalikataa. Wakamkimbiza hospitali.

"Surua si ileile?" bibi alimuuliza Tome, aliyewafuata huko. "Mbona kaka yake ilimgusa tu?"

"Kaka yake aliipata nje, bibi, pengine alivuta kidogo, mwili ukawahi kujipanga. Huyu ameivuta mchana na usiku, chumba kimefungwa. Virusi vimemwingia vingi kwa mpigo, tena angali mchanga."

Celeste alifariki siku ya tatu.

Msibani wanawake walimfariji bibi, wakisema ni kazi ya Mungu.

"Mungu mwacheni," alijibu. "Nilimlaza pale mimi, kwa mikono hii. Mwenye mgonjwa nyumbani asikae hapa kunililia, akafungue dirisha." Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe Ermelinda, siku nyingine nikikosea, nijibu."

Mafunzo

Jamani, ugonjwa wa kuambukizwa kwa pumzi haumpigi kila mtu sawa. Mara nyingi anayevuta virusi vingi, karibu na kwa muda mrefu, huugua zaidi ya aliyevuta kidogo. Mgonjwa alale peke yake inapowezekana, hewa ipite, na wachanga wakae mbali naye. Siku ya chanjo ikifika, korosho zisubiri. Na wewe mkwe, heshima isikuzibe mdomo mtoto akiwa hatarini.